Diski za Kufufulia

2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Kidoti hatujambo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la shule, yule mwenye kikohozi cha ngoma mbovu. Akiomba maji usimpe kwa kile kikombe chako cha maua, maana nakujua, hutakitumia tena.

Amekubebea na kompyuta yangu, nimeifunga kwenye shuka. Nikiiwasha, taa inawaka, feni inavuma, halafu kinatokea kioo cheusi chenye maneno meupe na mambo yanaishia hapo. Fundi wa huku hutengeneza redio na majiko, na ameshaipiga makofi ya mgongo kama punda aliyegoma. Nakuomba unitafutie fundi wa kweli hapo mjini. Mwambie aiwashe tu, asifute kitu. Mna maandalio yangu ya masomo na vitu vyangu vingine.

Nimekuandikia kwa sababu simu huku haishiki mpaka upande kilimani nyuma ya tangi la maji, na wanaopanda huko huenda kusikiliza ya wenzao kuliko kusema ya kwao. Namba ya zamani nimeitupa. Tafadhali usimwambie mtu yeyote shule yangu iko wapi, hata akuulize kwa adabu.

Kidoti anakusalimu. Anasema darasani kuna mtoto analamba chaki, akaniuliza kama Bibi angemwona angefanyaje.

Mwanao,
Kiduchu

*

9 Juni

Kiduchu wangu,

Marahaba. Dereva wako amefika, na kikohozi chake kilifika kabla yake. Nilimpa maji kwa kopo la plastiki, nikamwambia aende nalo, zawadi.

Mwambie Kidoti kwamba Bibi angemwosha huyo mtoto ulimi kwa sabuni.

Sasa sikiliza niliyoyaona kwa ajili ya kompyuta yako. Niliulizia, kila mtu akanitajia jina moja: Fundi Waya. Yuko nyuma ya duka la viatu, chumba chembamba ambacho ukiingia na mkoba, mmoja wenu lazima atoke. Sakafu inanata. Kila nikinyanyua kiatu, kinalia. Mezani kuna vyombo vya chakula cha juzi vimelala juu ya mashine za watu. Na Fundi Waya mwenyewe, mwanangu, amefuga ukucha wa kidole cha mwisho mpaka umejikunja, na huo ndio bisibisi yake. Nimemwona kwa macho yangu akilegeza skrubu kwa ukucha ule, kisha akachokoa nao meno, kisha akarudi kwenye skrubu.

Akafungua mgongo wa kompyuta yako. Wakatoka mende. Si mmoja, ni ukoo: babu, mashangazi, wajukuu, na mayai yamegandishwa kwenye feni kama maharage. Mmoja aliniingia kwenye mkono wa gauni. Nilipiga ukelele uliowatoa watu dukani wakiwa na kiatu kimoja kimoja.

Nikamwambia, "Mimi nimesimamia usafi wa wodi mpaka nimestaafu. Siwezi kukaa mahali penye mende!"

Akanijibu, "Mama, hawa si wangu. Wamekuja na mgonjwa."

Unaishi vipi huko?

Basi akawapuliza kwa mdomo, mate na yote, akaiwasha. Kioo kikawa cheusi vilevile. Akasoma, akasema mashine inadai diski za kufufulia. Utafikiri ni maiti! Eti zilikuja nayo ilipokuwa mpya, na bila hizo haiamki.

Hapo nikakumbuka. Kompyuta hii alikununulia mkwe wetu, na yule ni mtu anayetunza hata boksi la balbu. Diski hazina pengine ila kwake. Nitapita Jumamosi kuziomba. Najua mmeshindwana, na sababu hukunieleza, nami sikukuchimba. Ila diski si ndoa, na kuziomba si kuombana radhi.

Shangazi yako

*

15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nimesimama, dereva anapiga honi.

Usiende kwake. Kama umeshakwenda, usizitumie diski zake. Mwalimu wa hesabu hapa ameniambia diski zile huirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani na kufuta kila kilichomo. Ndani mna kitu changu ambacho sina pengine. Nitakueleza tukionana, siwezi kukiandika.

Rudi kwa Fundi Waya, uichukue mashine yangu hivyo hivyo, mende na yote. Usimwambie yule bwana nilipo. Usipande gari lake.

Kiduchu

*

20 Juni

Kiduchu wangu,

Sijapata barua yako. Nasikia lori limezama kwenye matope na abiria waliteremka kulisukuma. Lakini habari nzuri haingoji lori: kompyuta yako imefufuka!

Nilikwenda kwa mkwe. Mwanangu, baada ya kile chumba cha Fundi Waya, nilipoingia kwake nusura nilie. Sakafu inakuonyesha uso wako. Vikombe vimepangwa masikio upande mmoja. Dirishani kumesimama ubao wa pasi, na mashati yake ya kazini yametundikwa yamenyooka, huoni kunyanzi. Aliniandalia chai mwenyewe. Kikombe alikisuuza kwa maji ya moto mbele yangu, bila kuambiwa. Nani hufanya hivyo siku hizi? Akasema, "Shangazi, mimi simlaumu mwenzangu. Akirudi mlango uko wazi." Nikaona aibu kwa niaba yako, sikufichi.

Diski alizitoa kwenye droo, bado ziko kwenye mfuko wake. Akasema atanipeleka kwa gari. Kule dukani akatoa kitambaa akaziba pua, nikasema moyoni, huyu ni wa kabila langu.

Fundi Waya aliziangalia zile diski, akasema, "Mama, hizi zikiingia zinafuta vyote. Niachie kwanza nichomoe diski ya ndani, nikanakili vitu vya mwenyewe. Ni kazi ya siku chache."

Mkwe akamwambia, "Vitu gani? Mitihani ya watoto wa shule. Ataandika mingine. Weka."

"Mwenye mali kasemaje?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Fundi alikuwa anajikuna shingo kwa ule ukucha na magamba yanaanguka. Chai ikanipanda kooni. Nilichotaka ni kutoka mle ndani. Nikasema, weka.

Mkwe hakutaka hata kungoja nje. Alisimama pale amekunja mikono, anatazama kile kimstari kikijaa kwenye kioo, mpaka kikafika mwisho. Kisha akacheka, akanishika bega. Ikawaka, mwanangu, na picha ya mlima na anga ya buluu, safi, haina hata vumbi. Alitaka akuletee yeye mwenyewe. Nikamwambia ni mbali, niachie mimi. Basi akaenda kumwamkia baba yako, na kaka yangu huyo amefurahi mno. Wanapanga kikao cha kuyamaliza.

Nitaituma lori lijalo.

Shangazi yako

*

27 Juni

Shangazi,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu umeshaisoma sasa.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba alisimama akitazama kimstari kikijaa, nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo cha wanafunzi. Kidoti alinishikia gauni. Wenzangu wa ofisini wanadhani nina mimba, wananipongeza.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, lakini sijui kwa lipi, kwa kuwa sikukwambia neno. Yaliyokuwemo yamekwisha. Usimfuate fundi, usimuulize mtu. Kuhusu hicho kikao, mwambie baba nina mitihani ya wanafunzi, siwezi kuondoka.

Nimeota nakunywa ile chai.

Kiduchu

*

4 Julai

Mwanangu,

Siku ile lori lilipofika nilimkabidhi dereva barua yangu ya majivuno kwa mkono huu, na kwa mkono wa pili nikapokea yako. Nilisoma nikiwa nyumbani, lori limeshaondoka. Nilikimbia. Miguu hii ambayo hata basi haikimbilii, ilikimbia mpaka kwa Fundi Waya, kompyuta kwapani.

Nilipoingia hakuniangalia. Akasema, "Si nilisema, mama?"

"Ulisema. Sasa fanya."

Akaniambia vitu vikifutwa namna ile haviondoki vyote, vingine hubaki vimefukiwa chini kwa vipande. Ila hajui vipi vimesalia, na kila kitakachotoka kitakuwa hakina jina. Kwa siku kadhaa nikawa nakwenda. Niliketi kwenye kile kiti chake chenye godoro lililolowa mafuta, gauni likanata, nikaketi tu. Siku moja alikuwa anakula huku anafanya kazi, na tonge likaanguka kwenye vitufe akaliokota akalitia mdomoni. Sikusema kitu. Ndiyo ujue hali yangu.

Yakatoka mazoezi yako ya wanafunzi, nusu. Ikatoka picha ya Kidoti hana meno ya mbele. Halafu nikamwona Fundi Waya ameacha kutafuna. Akaigeuza kompyuta ikanielekea mimi, yeye akatoka. Alikwenda kusimama juani, akinipa mgongo, anatazama barabara kana kwamba kuna kitu kinapita.

Ilikuwa picha yenye nusu ya juu tu. Chini yote ni kijivu, kama mtu amemwaga zege. Huko juu kuna bega, na kioo cha choo cha nyumba yenu, kile chenye ufa. Nimekuogesha wewe ukiwa na wiki moja. Lile bega nalijua. Na chini ya bega, pale kijivu kinapoanzia, kuna ncha ya pasi. Ncha na mabawa yake mawili, kama muhuri.

Sikulia. Nilitoka na kumwomba Fundi Waya maji, akanipa kwa kikombe chake chenye ukoko wa chai ndani, nikanywa chote.

Mkwe wetu! Nimemsifia mashati yake! Nilikaa sebuleni kwake karibu na ule ubao, nikampa hongera kwa kunyoosha kola. Nimekiosha kinywa kwa chumvi, nimekiosha kwa ndimu, ladha ya ile chai imekataa kutoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe itakuwa imepigwa pasi.

Vilivyopatikana fundi amevitia kwenye flashi, akavifuta kwake mbele yangu, nikamwapisha. Ziko picha tano, zote zimekatika. Niambie nifanye nini. Kikao ni Jumapili ijayo, na baba yako ameshasema baada ya hapo atampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwako, mrudi pamoja.

Shangazi yako

*

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwalimu mwenzangu anasafiri leo, nimemwomba akufikishie hii mkononi.

Usimwonyeshe mtu. Wala mjomba wa yule bwana, wala majirani, wala baba. Hasa baba. Mgongo wangu si sahani ya njugu ipite mkono kwa mkono, kila mwanamume achukue kidogo na kutikisa kichwa.

Nitakwambia mara moja, halafu tusirudie. Alikuwa anapiga pasi shati, mimi nimeinama namfunga Kidoti viatu. Nilikuwa nimesema kitu kuhusu kuchelewa kwake. Hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti. Aliiweka pale, na akaibakiza kidogo, kama mtu anayenyoosha mfuko wa shati. Halafu akaendelea na mkono wa pili wa shati. Alipomaliza akalivaa, akaniletea dawa ya kuungua, akanipaka mwenyewe, taratibu, akisema, "Ona sasa." Harufu ya ile dawa ndiyo inayonirudia zaidi. Harufu yake na ya vidole vyake vilivyonawa sabuni.

Picha nilijipiga nikiwa nimejifungia chooni. Simu yangu alikuwa anaikagua, ndiyo maana nikazificha kwenye kompyuta, ndani ya folda ya mitihani. Kumbe alijua. Au alikisia.

Sikukwambia kwa sababu wewe kila ukija kwetu ulikuwa unasema, "Hapa ndipo nyumbani kwa mtu." Ningeanzia wapi?

Akija huku na baba, sijui nitafanya nini, Shangazi. Mlango wangu unafungwa kwa kamba.

Kiduchu

*

13 Julai

Mwanangu,

Nimerudi kutoka kwenye kikao sasa hivi, hata viatu sijavua.

Tulikuwa wanne: kaka yangu baba yako, mimi, yule mtu, na mjomba wake, mzee aliyestaafu upolisi, mpole, mwenye miwani ya kufunga kwa uzi. Yule mtu aliingia amenukia, akampa kaka mkono kwa mikono miwili. Akaja kwangu. Nikamwambia mikono yangu ina unga. Haikuwa na unga.

Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Hana kinyongo, anamtaka mkewe na mtoto wake, amechoka kula peke yake. Kaka anaitikia kila neno kwa kichwa. Ilipofika zamu yangu flashi ilikuwa kwenye mkoba, nikaushikilia mkoba kwa mikono yote miwili nisije nikashawishika.

Nikasema, "Kaka, kabla hujafunga safari. Mtoto hakukimbia bure. Sababu ya kuondoka aliiweka kwenye kompyuta yake, na ile kompyuta ikafutwa."

Yule mtu akatabasamu. "Shangazi, na wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyesema ifutwe. Kwa hiyo tusizungumzie picha ambazo hazipo."

Kaka akauliza, "Picha gani?"

"Picha zozote, Baba. Nasema kwa mfano."

"Mimi sikutaja picha," nikasema. "Mzee, wewe umenisikia nikitaja picha?"

Mjomba wake akavua miwani. "Hukutaja."

Kaka alikuwa bado hajaelewa. Unamjua baba yako, akili yake inakwenda kama mkokoteni, polepole, lakini ikifika imefika. Akamgeukia. "Mkwe, picha za nini?"

"Mambo ya ndani ya nyumba, Baba. Watu wa ndoa hugombana. Siku moja pasi ilimgusa, basi akaifanya jambo."

"Ilimgusa wapi?"

Nje kulikuwa na mtu anauza mitumba kwa kipaza sauti, nikamsikia akitaja bei mara mbili.

"Mgongoni," akasema.

Kaka akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa, "Kwani mtu hupigia pasi mgongo?"

Yule mtu akaanza kueleza. Pasi ilikuwa imeshapoa, wewe uligeuka ghafla, yeye ni binadamu, hata dawa alikupaka. Kadiri alivyoeleza ndivyo chumba kilivyozidi kunuka, na alikuwa hata jasho hatoi! Ile kola bado imesimama. Nimeosha vidonda vya watu vyenye funza, Kiduchu, nimebeba mabeseni ambayo wauguzi wenyewe walikuwa wanageuza uso. Sijawahi kuona kitu kichafu kama kinywa kile kikisema "hata dawa nilimpaka".

Kaka akanyanyuka. Nilidhani atampiga, na nusu yangu ilitaka. Hakumgusa. Alitoka uani, nikasikia bomba linafunguliwa. Nilipochungulia, alikuwa ananawa ule mkono aliopewa, ameuinamia, anausugua kwa jiwe la miguu, mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

Mjomba wake alivaa miwani, akasema, "Twende," bila kumtazama. Mlangoni akaniambia, "Dada, nyinyi mkitaka kwenda mbele, mimi nilichosikia leo nimekisikia." Yule mtu akamfuata. Kabla ya kutoka alikipangusa kwanza kiti alichokalia, eti kina vumbi.

Baadaye kaka akaniuliza, "Umeziona?"

"Nimeona nusu."

"Nusu nyingine?"

"Niliifuta mimi."

Akachukua kompyuta yako, akaifunga kwenye lile shuka, akasema ataileta mwenyewe. Flashi nimeishonea ndani ya pindo la shuka upande wenye uzi mweusi. Yeye hajui, wala hataangalia. Ni yako, uitupe au uipeleke polisi. Ukiipeleka, nitakuja nisimame niseme nilivyofanya na nilivyoona.

Fundi Waya amekataa kusema ahsante kwa zawadi niliyompelekea: kipande cha sabuni na kikata kucha. Amesema ukucha ni mtaji. Bado namkinai, siwezi kudanganya.

Shangazi yako

*

19 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba alifika na lori Jumatano. Nilimwona akiteremka, nikatazama nyuma yake nione nani mwingine anateremka. Hakukuwa na mtu. Nikakaa palepale kwenye majani.

Alimbeba Kidoti, akamwambia amekuwa mzito kama gunia la mkaa. Aliingia ndani, akaketi, akaomba maji. Akauliza habari za shule. Akauliza kama wanafunzi ni watundu. Akauliza mvua. Akaomba maji tena. Nikaona anayageuza maji kwenye kikombe, hayanywi. Nikamtuma Kidoti akaite kuku.

Ndipo akasema, akiangalia mlango, "Bado panauma?"

Shangazi, mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yake. Ulimkosea nini? Kwa nini hukuvumilia? Watu watasemaje? Nilikuwa na majibu ya yote, nayafanyia mazoezi nikifua. Hili halikuwemo.

Nikamwambia, "Hapaumi, Baba. Panawasha tu, joto likizidi."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainama akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikakaa. Sikumbembeleza. Ilinipendeza, nisamehe, kuona mtu mwingine amebeba kidogo.

Flashi nimeipata kwenye pindo. Bado sijaamua, lakini kuna mwanasheria huja wilayani kila mwisho wa mwezi kusikiliza wanawake bila malipo, na mwalimu wa hesabu amesema atanisindikiza. Nusu ya mgongo nayo ni mgongo. Nitakuita. Jiandae kusema mbele ya watu kwamba uliifuta, na usijipambe.

Kinyaa bado ninacho. Jana nilikinyanyua kikombe nikakiosha mara tatu kabla ya kunywa, nikacheka nikasema, nimerithi kwa Shangazi. Halafu sikuweza kunywa.

Baba amekataa kitanda, analala kwenye mkeka sebuleni, anakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanaitikia. Kila asubuhi anaenda sokoni bila kusema anachotafuta. Leo alirudi na komeo la chuma, la kufungia ghala, na misumari mirefu. Mlango wangu ni wa mbao laini, akaona hautalishika, akaenda akanunua na ubao wa kuutia nguvu. Amegonga tangu chai mpaka mchana, Kidoti akimshikia misumari mdomoni. Sasa komeo ni zito hivi kwamba mimi siwezi kulisukuma kwa mkono mmoja, na ubao umezidi fremu, mlango haufungiki mpaka uupige teke. Nimemwambia. Amesema kesho atautoa atengeneze vizuri, na kesho kutwa ataanza dirisha.

Mwanao,
Kiduchu